Kuhesabu Majeshi ya Sanamu Ndogo: Mwongozo Kamili kwa Mkusanyaji wa Mombasa

Dalili ya kwanza kwamba mkusanyiko umekuzidi ni kununua sanamu ulizonazo tayari, yaani wale askari wadogo wa michezo ya vita ya mezani. Ya pili ni kuteremsha kisanduku kilichokaa juu ya kabati tangu masika ya mwaka juzi, ukakuta vitako vimefanya kutu. Dalili zote mbili zina dawa moja, nayo ni hesabu kamili inayofanywa sanamu kwa sanamu, kila moja ikishikwa na kutazamwa chini na juu. Mtu wa Nairobi anaweza kuhesabu leo na kukagua mwakani. Mombasa haifai, maana chumvi ya bahari na unyevu havina likizo.

Tumeandika tukimfikiria mwenye sanamu kati ya 200 na 2,000. Aliye chini ya hapo anahitaji daftari na alasiri moja tu. Aliyevuka 2,000 atumie njia hii hii, ila ahesabu jeshi moja kila wikendi badala ya kumwaga nyumba nzima sakafuni.

Tukubaliane kwanza maneno. Kitako ni kile kipande cha duara au mraba ambacho sanamu imesimamia. Kikosi ni sanamu zinazocheza pamoja mezani. Fremu ni ule mti wa plastiki ambao viungo hukatwa kutoka kwake. Praima ni rangi ya kwanza, ile ambayo mafundi wa nyumba huiita andakoti. Vanishi ni koti la mwisho la kulinda rangi.

Wakati wa kuhesabu

Chagua Januari au Februari. Kaskazi inavuma, mvua ni haba, na hewa japo ya joto haina ule unyevu mzito wa Aprili na Mei. Ukifungua masanduku yote katikati ya masika unayashibisha unyevu halafu unayafunga nao ndani. Isitoshe, hesabu lazima itazaa matengenezo, na mengi ya hayo yanahitaji vanishi, ambayo katika siku ya mvua hugeuka ukungu mweupe juu ya rangi uliyoihangaikia. Ukilazimika kuhesabu wakati wa mvua, hesabu, lakini kazi ya vanishi iweke hadi kukauke.

Kuhusu muda, watu wawili waliozoeana, mmoja anahesabu na kutaja, mwingine anaandika, humaliza kiasi cha sanamu 150 kwa saa pamoja na ukaguzi. Peke yako kadiria 80. Kwa sanamu 600 hiyo ni saa nne za wawili, bila picha. Sheria isiyovunjwa: jeshi lililoanzwa limalizwe kikao hicho hicho. Jeshi lililoachwa nusu mezani hadi kesho hupata wageni usiku, na katika nyumba nyingi za Mji wa Kale mgeni huyo ana manyoya na mkia.

Vifaa

Masinia mawili ya bati ya kawaida, yale ya kuandalia chakula, yakaushwe vizuri na kutandikwa kitambaa cheupe. Kaunta buku ya A4. Kalamu ya wino usiofutika yenye ncha nyembamba, nyeusi, na nyingine nyeupe kwa vitako vyeusi. Rula ya chuma au venia ya kupimia vitako. Brashi laini ya vipodozi ya kupangusia vumbi. Tochi. Sumaku ndogo. Glavu nyembamba na barakoa, kwa sababu itakayoelezwa tukifika kwenye madini ya risasi. Vikombe vitatu vya plastiki: cha viungo vilivyovunjika, cha sumaku zilizobanduka, cha vitu visivyojulikana vina mwenyewe gani.

Simu iwe na chaji, lakini usiandike hesabu moja kwa moja kwenye simu. Mikono ina vumbi, kioo kinajifunga, na ukikosea mstari hujui umekosea wapi. Andika kwa kalamu, kisha hamishia kwenye Excel au Google Sheets siku hiyo hiyo jioni.

Amua unachohesabu

Hapa ndipo hesabu nyingi zinapoharibika, na si kwa sababu ya hisabati. Mtu anaanza kwa kuhesabu vichwa, akifika kwa wapanda farasi anahesabu vitako, akifika kwenye mizinga anahesabu mizinga na kuwasahau wapigaji wake. Mwisho ana namba isiyo na maana.

Hesabu mbili tofauti kwa kila kikosi: sanamu na vitako. Mpanda farasi na farasi wake ni sanamu moja. Mzinga ni kitu kimoja chini ya jina la zana, na kila mpigaji wake ni sanamu moja, hata kama wote wamegundishwa kitako kimoja. Mnyama asiye na mpandaji, mathalani ngamia wa mizigo, naye ni zana. Askari aliyelala chini akiwa amekufa, aliyewekwa kama alama ya hasara mezani, ni zana vilevile. Usimtie kwenye idadi ya jeshi, utajidanganya siku ya kupanga mchezo.

Kwa majeshi ya kipimo cha mm 15 (huo ni urefu wa askari) ambayo sanamu tatu au nne husimama kwenye kitako kimoja chenye upana wa mm 40, hesabu ya vitako ndiyo yenye kazi mezani, na hesabu ya sanamu ndiyo yenye kazi unaponunua. Kwa mm 28 ambako kila mmoja ana kitako chake, namba hizo mbili zinatakiwa zilingane. Zisipolingana, kuna sanamu isiyo na kitako au kitako kisicho na mtu. Hapo umeshagundua kosa bila kutafuta.

Hatari kubwa zaidi ni kuhesabu sanamu moja mara mbili kwa sababu inatumika majeshi mawili. Chukua mkusanyaji wa vita vya Afrika Mashariki vya 1914 hadi 1918. Wapagazi wake wanabeba mizigo ya Waingereza wikendi hii na ya Wajerumani wikendi ijayo. Au yule anayejenga mzingiro wa Ngome ya Yesu wa 1696 hadi 1698: mabaharia wale wale huenda wakawa wa Kireno leo na wa kukodiwa kesho. Kanuni ni sanamu moja, mstari mmoja. Jeshi la nyumbani ni moja tu, lile ulilolipakia rangi kwanza. Matumizi mengine yaandike kwenye ukurasa wa pembeni unaoitwa «inatumika pia».

Na pointi, yaani thamani ambayo kanuni za mchezo humpa kila askari? Ziache nje kabisa ya hesabu kuu. Watungaji wa kanuni hubadilisha pointi wanavyotaka, na toleo jipya likija namba zako zote zinakuwa za zamani. Idadi ya sanamu haibadilishwi na mtungaji wa kanuni. Weka pointi kwenye karatasi yake, iunganishwe na hesabu kwa namba ya kikosi.

Namba za vikosi

Kila jeshi lipe herufi tatu, kila kikosi tarakimu mbili. OMN-03 ni kikosi cha tatu cha Waomani, POR-07 ni cha saba cha Wareno, KAR-01 ni cha kwanza cha King's African Rifles. Usitumie namba kueleza kitu, kwa mfano kusema vikosi vyote vinavyoanza na 5 ni vya farasi. Ikifika mwaka wa tatu utakuwa na vikosi kumi na mbili vya farasi na mpango wote umekufa. Namba ni jina tu. Kikosi kikiuzwa, namba yake isirithiwe na kingine.

Namba iandikwe chini ya kitako, si juu, si ukingoni. Kwa kalamu kwenye plastiki, kisha koti jembamba la vanishi ya brashi ili jasho la vidole lisiifute. Wengi hubandika stika za karatasi. Hapa Pwani stika hubanduka kwa unyevu ndani ya mwaka, na ile gundi na karatasi ni karamu ya mende. Pakiwa na sumaku au washa (pete bapa ya chuma) chini ya kitako, andika kando yake, si juu yake, kwa sababu sumaku inaweza kubanduka na kuondoka na jina.

Safu za daftari

Zisizidi kumi. Daftari lenye safu ishirini hujazwa kwa bidii siku ya kwanza na halifunguliwi tena. Zinazotosha ni: namba ya kikosi, maelezo, kampuni iliyozitengeneza, kipimo, malighafi, idadi ya sanamu, idadi na ukubwa wa vitako, hali, mahali, kasoro.

Mstari mmoja ukijazwa unasomeka hivi: OMN-03, wapiga bunduki, vilemba vyeupe, kampuni mbili, mm 28, metali 12, plastiki 4, sanamu 16, vitako 16 vya duara mm 25, hali 5, B2-T1, mikuki hamna, bunduki 1 imepinda, kitako 1 kimebanduka mchanga.

Safu ya kampuni inaonekana ya anasa hadi siku unapotaka kuongeza sanamu nne kwenye kikosi hicho. Mm 28 ya kampuni moja si mm 28 ya nyingine. Wapo wanaopima kutoka unyayo hadi macho, wapo wanaopima hadi utosi, na wapo wanaochonga watu wanene wenye mikono mikubwa kwa makusudi. Ukichanganya bila kujua, kikosi kinaonekana kina baba na watoto. Kwa vita vya pwani yetu, ambavyo sanamu zake maalumu ni chache sokoni na wengi hugeuza za mataifa mengine kwa kubadilisha vichwa, safu hii ndiyo kumbukumbu pekee ya mwili ulitoka wapi na kichwa kilitoka wapi.

Hali tunaipa namba kutoka 0 hadi 5. Sifuri ni kilicho bado kwenye fremu au mfuko. Moja, kimeunganishwa. Mbili, kimepigwa praima. Tatu, rangi imeanza. Nne, rangi imekwisha ila kitako au vanishi bado. Tano, kimekwisha. Kuwa mkali baina ya 4 na 5. Sanamu isiyo na vanishi inayoshikwa na mikono yenye jasho la Mombasa huanza kupoteza rangi puani, mabegani na kwenye ncha za kofia baada ya michezo michache, na wewe umeiandika imekwisha.

Namna ya kuhesabu

1. Safisha meza mbili, au meza moja na mkeka. Upande wa kushoto ni visivyohesabiwa, kulia ni vilivyohesabiwa. Hakuna kitu kinachorudi kushoto.

2. Toa kisanduku kimoja tu. Vingine vibaki vimefungwa.

3. Panga sanamu kwenye sinia kwa mistari ya tano, mistari minne. Sinia lililojaa ni 20, na jicho linaliona hilo bila kuhesabu. Sinia la mwisho ndilo pekee linalohesabiwa moja moja. Shika kitako, kamwe usishike mkuki wala kichwa. Kwa sanamu za metali zenye mikuki ya waya, weka nafasi ya vidole viwili kati ya moja na nyingine.

4. Msaidizi asome idadi kwa sauti, mwandishi airudie kwa sauti, kisha aandike. Kurudia kunaudhi, lakini thelathini na themanini kwa masikio yaliyochoka zinakaribiana.

5. Kagua kila sanamu ikiwa bado kwenye sinia, kama tutakavyoeleza.

6. Hesabu mara ya pili ukianzia upande mwingine wa sinia, wakati unazihamishia kulia. Namba mbili zikitofautiana, usichukue ya wastani wala ile unayoitaka. Anza sinia hilo upya.

7. Weka alama ya vema kwenye mstari, na kisanduku kifungwe kwa tepu ya karatasi yenye tarehe.

Ukimaliza jeshi, linganisha na ulichonunua. Risiti zikiwa zimepotea, taarifa ya M-Pesa na barua pepe za maduka ya nje zitakuonyesha tarehe na kiasi. Kama boksi lilikuwa na sanamu 24 na umepata 22, wawili hao wako sehemu tano: meza ya rangi, boksi la viungo, kwa rafiki uliyemwazima, ndani ya sponji la kisanduku kingine, au waligeuzwa kuwa maafisa wa kikosi kingine. Hiyo ya mwisho husahaulika kuliko zote. Andika «wamehamia POR-02» pande zote mbili.

Ukaguzi: kinachoharibika na kwa nini

Kutu ndiyo ya kwanza. Washa za chuma huwekwa chini ya kitako ili sanamu itulie au ishike kwenye sumaku. Mchanga wa kitako hubandikwa kwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, maji yanapenya, na kwa vile hewa yetu ina chumvi, chuma kinaanza kuoza toka ndani. Dalili ni doa la rangi ya chai linalochomoza juu ya mchanga, au kitako kinachovimba na kupasuka. Doa dogo: kwaruza, paka praima ya kuzuia kutu, rudishia mchanga. Kilichovimba: kibandue, tupa washa, weka mpya iliyopakwa praima pande zote mbili na ukingoni kabla haijaguswa na gundi. Washa za mabati zilizopakwa zinki hustahimili zaidi, ila ukizikata au kuzikwaruza kinga imekwenda.

Sumaku ndogo za neodimiamu zina ngozi nyembamba ya nikeli. Zikigongana kwa nguvu, kama zinavyopenda, ngozi inabanduka na sumaku inaoza kuwa unga wa kijivu. Gusa kila moja kwa ukucha. Iliyochubuka ipake rangi ya kucha isiyo na rangi, makoti mawili. Iliyoanza kumeguka itupe. Andika pia upande unaovuta, kwa alama ya nukta, la sivyo siku ya kubadilisha utaiweka kichwa chini na askari atarukaruka juu ya treya.

Metali nyeupe inahitaji macho zaidi. Sanamu nyingi zilizotengenezwa kabla ya miaka ya 1990 zina madini ya risasi kwa wingi. Za sasa kwa kawaida ni aloi ya bati isiyo na risasi au yenye kidogo. Risasi ikikaa kwenye hewa yenye mvuke wa asidi, hasa ile ya siki, na unyevu ukiwepo, hugeuka unga mweupe unaokula sura ya askari. Mvuke huo hutoka kwenye mbao mbichi, ubao wa MDF, na ile silikoni ya kuzibia vioo inayonuka siki inapokauka. Kwa hiyo kabati jipya la kioo, zuri, lililotoka kwa fundi wiki iliyopita ndilo baya kuliko yote kwa sanamu za zamani. Liache wazi wiki kadhaa hadi harufu iishe kabisa. Ukiona unga mweupe, vaa glavu na barakoa, usiupige brashi wala kuupuliza, kwa sababu ni sumu. Tia sanamu hiyo kwenye mfuko peke yake, iandike kwenye daftari, uikwangue ikiwa imeloa maji, mbali na jikoni na watoto, na karatasi zilizotumika uzifunge kabla ya kutupa.

Usikichanganye kitu hicho na ukungu wa vanishi, ambao ni weupe unaotanda sawasawa juu ya rangi, hauchomozi, hauwi unga. Huu hutokana na kupuliza vanishi hewa ikiwa na unyevu au kopo likiwa mbali mno. Mara nyingi koti la vanishi ya kung'aa kwa brashi huusafisha, na baada ya kukauka unapaka isiyong'aa juu yake, kwa brashi tena. Kwa hapa tunapendekeza vanishi ya brashi mwaka mzima. Ya kopo ni kwa mchana mkavu wa kaskazi tu.

Weupe mwingine ni wa supaglu, ambao hutokea kuzunguka kiungo ilipokuwa nyingi. Unafutwa kwa mafuta kidogo au unapakwa rangi. Jambo la kuangalia zaidi ni kama kiungo chenyewe kingali imara: supaglu huwa ngumu kama kioo, na mkono wa metali mzito ukianguka unakatika safi. Uutoboe mkono huo, utie waya wa milimita 0.8 hadi 1, ndipo ugundishe.

Kuvu huota kwenye vitako vyenye nyasi bandia na kwenye sponji la kisanduku. Harufu inakuambia kabla ya macho. Sponji lenye kuvu halioshwi, linatupwa.

Rezini (plastiki ya kumiminwa kwenye kalibu) na joto ni maadui. Gari lililoegeshwa juani Nyali mchana linaweza kukaribia nyuzi 60 ndani, na rezini nyembamba inalainika hapo. Upanga uliopinda unaukuta hivyo kwenye hesabu. Uutie kwenye maji ya moto, yasiyochemka, sekunde kumi au kumi na tano, unyooshe taratibu, halafu uuzamishe kwenye maji baridi huku umeushikilia. Plastiki ngumu ya fremu hustahimili zaidi, lakini nayo usiiache juani.

Sanamu za plastiki laini, zile zinazonesanesa, huweza kuwa na utando unaonata baada ya miaka. Ni mafuta ya plastiki yenyewe yanayotoka. Zioshe kwa sabuni ya maji na mswaki laini, zikauke siku nzima. Rangi itabanduka sehemu. Usiandike 5, andika 3.

Picha

Sinia moja, picha moja, karibu na dirisha, bila jua la moja kwa moja na bila mwako wa simu. Nyuma weka karatasi ya manila nyeupe iliyokunjwa kama wimbi ili pasiwe na kona. Kadi yenye namba ya kikosi iwe ndani ya picha. Kisha picha ya pili ya kasoro, karibu. Jina la faili liwe namba ya kikosi na mwaka. Basi.

Mahali na masanduku

Kila kisanduku kina herufi, kila treya ina namba: B2-T1 ni kisanduku B2, treya ya kwanza. Jina liandikwe kwenye mwili wa kisanduku, si kwenye kifuniko, vifuniko hubadilishana.

Masanduku ya plastiki yenye mpira kwenye kifuniko ni bora kuliko boksi la karatasi. Ndani, bamba jembamba la bati kwa vitako vyenye sumaku, lililopakwa rangi ukingoni palipokatwa, kwa vile hapo ndipo kutu huanzia. Ongeza silika jeli. Hesabu yake si ya kubahatisha: hewa ya nyuzi 30 iliyoshiba unyevu hubeba takriban gramu 30 za maji kwa kila mita ya ujazo, kwa hiyo kisanduku cha lita 20 chenye unyevu wa asilimia 80 kina nusu gramu tu ya maji hewani. Gramu 100 za silika zinaweza kushika mara thelathini au arobaini ya hayo. Kinachoimaliza si hewa bali sponji, kadibodi na kufungua kila mara. Tumia ile ya chungwa inayogeuka kijani. Ya buluu ina kobalti, haifai nyumbani. Ikigeuka, itandaze kwenye treya ya oveni, nyuzi 110 hadi 120, saa mbili, kisha irudishe ikiwa imepoa. Kipimaunyevu kidogo ndani ya kisanduku kimoja kinatosha kukuonya. Lenga asilimia 40 hadi 50.

Mchele haufanyi kazi hiyo, na unaleta fukusi. Na kitu kimoja cha kuogopwa: vidonge vya nafthalini vya kuwekea nguo. Mvuke wake hulainisha na kuyeyusha plastiki ya sanamu. Kisanduku cha askari kisikae kabati moja na kanzu zilizotiwa vidonge hivyo.

Zisizopakwa rangi

Hili ndilo jeshi kubwa kuliko yote nyumbani, na ndilo linaloachwa nje ya hesabu kwa aibu. Liingize. Fremu hazihesabiwi kwa boksi, maana boksi limeshafunguliwa na kuchopolewa. Hesabu viwiliwili, kisha vichwa, kisha jozi za mikono, na idadi ndogo kuliko zote ndiyo idadi ya askari unaoweza kuwajenga. Miili 30, vichwa 41, mikono jozi 26: una askari 26 na viungo vya ziada.

Kisha piga hesabu moja rahisi. Tuseme jumla ni 420, zilizo hali 5 ni 260, basi 160 bado. Mwaka uliopita ulimaliza 96, yaani 8 kwa mwezi. 160 kwa 8 ni miezi 20. Namba hiyo iandike kwa kalamu nyekundu juu ya ukurasa, uisome kabla ya kuagiza boksi jingine. Kasi ichukuliwe ya mwaka mzima, si ya mwezi ule mmoja wa likizo, na sanamu zilizovuka kutoka 4 hadi 5 ndizo pekee zinazohesabiwa kuwa zimemalizika.

Thamani

Thamani ya bima ni gharama ya kuleta mbadala hadi mlangoni, si bei uliyolipa mwaka 2015. Kwa kila jeshi andika bei ya sasa dukani, posta, ushuru wa forodha, na VAT ya asilimia 16, ambayo kwa bidhaa zinazoingia nchini hupigwa baada ya kujumlisha usafirishaji na ushuru, si juu ya bei tupu. Kazi ya kupaka rangi iweke kwenye safu yake. Kama ulimlipa mtu, ambatisha risiti. Kama ulipaka mwenyewe, andika saa tu, na uulize kampuni ya bima mapema kama wanaitambua, usingoje bomba lipasuke.

Kuitunza hesabu

Nakala moja iwe kwenye simu, moja mtandaoni, moja imechapishwa na kukaa nje ya chumba cha sanamu. Ya karatasi ina faida siku stima ikipotea na wachezaji wameshafika.

Mlango wa mkusanyiko uwe mmoja. Boksi jipya haliwekwi rafuni kabla halijapewa namba, hata likiwa bado na nailoni. Kinachoazimwa huandikwa jina la mwazimaji, tarehe, idadi na picha, na kinaporudi kihesabiwe mbele yake, kwa adabu: «Tuhesabu pamoja, isije ikawa nimekupa pungufu.» Kinachouzwa hakifutwi, hupigwa mstari, ili mwakani usikitafute chini ya kitanda.

Kila baada ya miezi mitatu chagua visanduku viwili bila kutazama majina, uvifungue, uhesabu, ukague sumaku na rangi ya silika. Vyote viwili vikilingana na daftari, endelea. Kimoja kikikosa hata sanamu moja, fungua visanduku vyote vya jeshi hilo, na uanze na meza ya rangi.